Nani kagonga mlango?

Jamani mimi sitaki makuu. Wenzangu Jumamosi wana mpira, wengine wana harusi, mimi naomba masaa matatu tu nikae na redio yangu nisikilize opera laivu, ule mchezo wa kuigiza wanaoimba mwanzo mpaka mwisho, na wala simlazimishi mtu akae na mimi, naomba watu wanyamaze basi. Lakini nyumba hii ukisema unataka kimya ni kama umepiga mbiu, hapo ndo kila mtu anakumbuka ana jambo la kukuuliza.

Juzi ilikuwa Rigoletto, ya Verdi yule mtunzi wa Italia. Nimejiandaa toka asubuhi, nimekagua spika, nimekagua intaneti, simu nimezima, nikamwambia mama watoto leo mwenzio sipo. Akasema sawa. Ile sawa yao mnaijua.

Sasa balaa la kwanza la opera kwenye redio ni sauti. Wale watu wanaimba bila kushika maiki, mtu na koo lake dhidi ya okestra nzima, na redio inakuletea karibu vilevile ilivyo ukumbini. Nyimbo za kawaida zimeshabanwa huko studio, pa chini pamepandishwa pa juu pameshushwa, unatafuta sauti mara moja unaendelea na mambo yako. Opera haina huo ustaarabu. Wahuni wamekuja usiku kumteka Gilda, binti wa Rigoletto, wanaimba kwa kunyata, wanaambizana kimya kimya kimya (wao wanaweza, kwangu imeshindikana), mimi sisikii kitu, napandisha, sisikii, napandisha tena, nimesogea mpaka nakaribia kuibusu spika, mara Rigoletto anagundua kaibiwa mtoto, anapiga yowe la laana na okestra yote inamwangukia juu, kijiko kikahama mezani chenyewe.

Mama mkwe katoka chumbani mbio, kitenge kimefungwa upande, anauliza nani kafa.

"Bado mama, mpaka mwisho."

Akakaa. Hilo nalo kosa langu, ningemwambia hamna kitu angerudi kulala. Sasa ikabidi nihadithie huku nasikiliza. Rigoletto ni kibiongo, kazi yake kumchekesha mtawala wa Mantua, mji wa Italia, mtawala mwenyewe fisi wa wanawake, na Rigoletto anamsaidia kuwacheka waume na mababa wa watu, mpaka baba mmoja akamlaani. Mama mkwe akasema laana ya mzazi haiendi bure. Nikamwambia mama umeshaelewa, hiyo ndo opera yote, sasa tusikilize. Akauliza huyo mtawala ana mke? Anaye. Mke anasemaje? Jamani, mke hata sauti yenyewe haimbi, katajwa tu!

Kwenye mapumziko mtangazaji akaleta historia, nami nikawa natafsiri, maana nishakuwa redio ya pili. Hadithi kaianzisha Victor Hugo, mwandishi wa Ufaransa, kwenye tamthilia yake ya 1832, Paris, ikachezwa usiku mmoja ikapigwa marufuku, kisa mfalme kaonyeshwa mhuni. Verdi alipoichukua, wakaguzi wa serikali Venice nao wakaja juu, mfalme wa Ufaransa akageuzwa mtawala wa Mantua ndo ikaruhusiwa, 1851. Mama mkwe akasema wakubwa hawajaanza leo. Mama watoto naye akapita, hajakaa, kasimama mlangoni amekunja mikono, lakini hajaondoka.

Sehemu ya tatu ndo yenyewe, dhoruba inakuja, mimi nimeshatulia, na hapo redio ikaanza kuvuma. Mmmmm, inapanda, inashuka, mmmmm. Nikasema ndo hivyo, waya umelegea. Nikachomoa, nikachomeka, nikaipiga kofi mgongoni. Mmmmm. Nikazima nikawasha, kiduara kikazunguka weee, nafsi inaniuma, maana hawa watu wamekuwa wakihangaika na opera hewani toka Januari 1910, pale New York walipojaribu kumrusha mwimbaji Caruso kutoka jumba la opera la Metropolitan, wasikilizaji wakaambulia zaidi mikwaruzo, na toka Krismasi ya 1931 jumba hilohilo linarusha opera nzima nzima, karne imepita, mimi nashindwa kwa waya! Iliporudi bado inavuma. Ndo nikakumbuka. Hakuna waya. Ule ni upepo. Verdi kaweka kwaya ya wanaume nyuma ya jukwaa wanavumisha midomo imefungwa, upepo wa dhoruba. Yaani nimeipiga kofi kwaya ya watu.

Mama watoto alicheka mpaka akakaa. Sawa. Wako watatu sasa na kitinda mimba kaja kulala miguuni pangu.

Sikilizeni sasa. Rigoletto kamkodi muuaji amuue mtawala, kalipa nusu, nusu nyingine mzigo ukishakabidhiwa ndani ya gunia. Mtawala yuko ghorofani kwa muuaji kalala, kishaimba kile kiwimbo chake kwamba wanawake ni vigeugeu, yeye huyo, bila aibu. Dada wa muuaji kampenda mgeni, anamwomba kaka yake asimuue. Muuaji anasema mimi nishachukua hela ya watu, ila akigonga mtu mwingine kabla ya saa sita usiku, namuua huyo badala yake. Na nje kwenye mvua yuko Gilda, kavaa nguo za kiume, anasikia yote, na bado anampenda yule mshenzi. Mama mkwe kaweka mkono mdomoni.

Ngo ngo ngo.

"Asigonge!" mama mkwe akapiga kelele.

Kagonga, akafunguliwa, akachomwa kisu, ngurumo, radi. Halafu tena, ngo ngo ngo. Nikajiuliza huyu wa pili katoka wapi, Gilda keshauawa. Ngo ngo ngo. Mtoto akasema baba ni mlango wetu. Hamna aliyesogea. Mama watoto ananong'ona, "Usifungue, saa sita haijafika."

Nikafungua. Jirani, kavaa kaushi, uso wa mtu aliyetoka kitandani. "Jirani, hii redio..." Nikamwambia shiii, ingia upesi, wa kugonga leo anachomwa kisu. Akaingia akidhani nimechanganyikiwa, akakuta familia nzima imeganda, akauliza kwa sauti ya chini kwenye gunia kuna nani. Mama mkwe akamsogezea kiti, akamhadithia yote toka mwanzo, kwa ufupi kuliko mimi.

Rigoletto kapokea gunia, anafurahi, anataka kulitupa mtoni, na mara kwa mbali, kiwimbo kilekile cha vigeugeu. Mtawala mzima! Jirani akashika kichwa. Gunia likafunguliwa, Gilda ndani, kisu kifuani, na anaimba. Anamuaga baba yake taratibu, dakika kadhaa, hana haraka. Mama watoto akasema mimi nikiumwa kichwa tu siwezi kuongea. Kafa. Laana! Pazia.

Makofi yakaanza, mtangazaji akasema Gilda huyo anatoka mbele ya pazia kuinama, na mtoto akaruka, "Baba si amekufa?"

"Katoka kwenye gunia anaimba na kisu kifuani," jirani akamjibu, "akisimama ndo unashangaa?"

Akamuaga mama mkwe kwa heshima, akauliza wiki ijayo saa ngapi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Halafu jirani, hiyo redio punguza."

Nikapunguza, na mtangazaji ndo alikuwa anataja opera ya wiki ijayo. Sijaisikia.