Seli Inapogoma Kugawanyika

Virusi na uzee wa seli huwekwa kizimbani pamoja kama maadui wawili wa afya. Virusi sina haja ya kuvitetea. Uzee wa seli, naona, umesikilizwa upande mmoja tu wa kesi.

Ushahidi dhidi yake ni mzito. Mwaka 1961 wanasayansi Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Baadaye sababu moja kuu ilijulikana: ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), ziitwazo telomea, hupungua kila seli inapogawanyika, na zikifupika mno seli hugoma. Haifi. Hukaa palepale ikimwaga kemikali zinazochochea uvimbe na kuzidhuru jirani zake. Seli za kinga nazo huchakaa, ndiyo maana virusi vya tetekuwanga ya utotoni, vilivyolala kwenye neva kwa miongo, huamka uzeeni kama mkanda wa jeshi, upele wenye maumivu makali. Tena virusi vingine, vya korona vikiwemo, huweza kuisukuma seli igome kabla ya wakati wake.

Lakini tazama virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Protini zake mbili huvunja breki zinazoizuia seli kugawanyika ovyo, hivyo seli iliyopaswa kuzeeka inaendelea tu. Mwaka 1951 madaktari wa Baltimore walichukua seli za saratani hiyo kutoka kwa mgonjwa wao, Henrietta Lacks, bila idhini yake (jambo linalostahili makala yake). Ndani ya seli hizo mlikuwa na HPV aina ya 18. Yeye alifariki mwaka huohuo. Seli zake zinagawanyika maabara hadi leo. Huo ndio ujana wa milele ulivyo kwa seli: saratani.

Kwa hiyo wanaotafuta dawa za kufagia seli zilizozeeka nawaunga mkono nusu nusu. Panya walioondolewa seli hizo walichelewa kupata baadhi ya maradhi ya uzee. Panya wengine, waliponyimwa seli hizohizo, vidonda vyao vilichelewa kufunga, kwa sababu seli iliyogoma huita msaada wa ukarabati kabla ya kinga kuja kuiondoa. Kwangu mimi, kosa si kwamba seli inazeeka. Kosa ni kinga iliyochoka kushindwa kuiondoa kazi yake ikishakwisha.