Hiyo Fensi Haijafa, Mmeinyima Matunzo Tu

Jamani leo nina hasira na naandika hivyohivyo kabla hazijapoa. Nimepita Keko, hapa Dar es Salaam, kwa fundi mmoja kufuata mbao zangu za mninga, nakuta ndani ana mashine ya kupasulia ya Wadkin, yenyewe kabisa ya Leicester Uingereza, meza ya chuma cha kasti, kibati cha jina bado kipo, mashine ambayo ukiigusa tu unajua hawa watu hawakuwa wanabania chuma. Na fensi yake je, ule mwongozo wa chuma ambao mbao huegemea ili ipasuliwe sawa na blade? Fensi yake wameegemezea mlango usijifunge. Juu ya meza wamebana ubao wa paini kwa klampu mbili, kijana anapima mbele kwa futi, nyuma anapima kwa macho, anagonga kidogo na nyundo, anapasua. Vidole bado anavyo vyote, Mungu ni mkubwa.

Nikauliza. Bosi akanijibu bila hata kugeuka: "Kaka hiyo ilishakufa kitambo, si unaona imekamata? Wa vyuma chakavu akipita wiki hii anaibeba."

Anaibeba! Kitu kilichorandwa kiwandani mpaka kikanyooka, kiende kupimwa kwenye mzani pamoja na masufuria yaliyotoboka na rejeta za Noah. Nikamwambia nipe mimi, nikiirudisha inafanya kazi utanilipa spea tu. Akacheka akanipa. Sidhani kama aliniamini, nadhani alishaona jiwe la kuegemezea mlango.

Sasa tuelewane. Haikufa. Nilipoifungua ndani kulikuwa na vumbi la mbao lililokandwa na grisi, kwa sababu kuna mtu miaka hiyo aliona fensi ngumu akaipaka grisi, vumbi likanasa, ikawa ngumu zaidi, naye akaongeza grisi. Kwenye bomba ambalo fensi inatelezea huwa hatupaki grisi jamani. Unapaka nta, hata mshumaa, na kama una nta ya nyuki ya Tabora ndiyo kabisa. Ila zile spreyi za silikoni ziacheni, zikigusa mbao zako vanishi itakukataa mpaka ulie.

Halafu pini. Hapa ndipo niliposhika kichwa. Mkono wa kubania umeshikiliwa na pini, na pini za mashine hizi za zamani nyingi zimechongwa mteremko, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Ukiigonga kutokea upande mwembamba inatoka. Ukiigonga upande mnene unaikaza, ukiendelea na ubishi unapasua kasti. Nakuta upande mnene umepigwa nyundo mpaka chuma kimechanua, yaani kuna mtu alisimama hapo akapiga, akapiga, akachoka, ndipo akatangaza fensi imekufa. Bwana wewe! Sugua ncha zote mbili kwa msasa mpaka ziwake, zipime kwa venia, kile kipimo cha taya cha milimita ndogondogo. Tofauti haifiki hata milimita moja, kwa macho huioni, lakini venia inaiona. Nikailoweka na asetoni iliyochanganywa na oili ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu, nikaiacha ilale, asubuhi nikaipasha moto kidogo nikaigonga upande wake unaostahili. Ikatoka bila kelele.

Na bolti! Matundu ya bolti za fensi yalikuwa ya Whitworth, yale meno ya bolti ya Kiingereza ya zamani, ya inchi 5/16, mtu akaingiza M8, bolti ya milimita 8. Najua ilivyokuwa. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo M8 inaingia vizuri mizunguko miwili mitatu unaona mambo si haya, kisha inabana, na fundi wetu akibanwa anatafuta bomba la kurefushia spana. Whitworth hiyo ina meno 18 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55, M8 ina meno kama 20 kwa inchi na pembe ya nyuzi 60, hayo hayaoani hata uyaombee. Nilipitisha tapu, kile chombo cha kuchonga meno ndani ya tundu, ya Whitworth kusafisha yaliyobaki, bolti nikazipata Gerezani kwa mzee mmoja anayezihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga, mzee yule alindwe na serikali.

Kutu ni kazi ya kitoto: beseni la plastiki, maji, magadi, chaja ya betri ya gari, hasi kwenye fensi, chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa (cha kawaida, siyo stenlesi, stenlesi inatoa sumu), ufanyie nje maana inatoa hewa inayowaka. Na msinitajie grenda. Uso wa fensi ukishapitishwa diski ya grenda una mabonde, hiyo ndiyo biashara imeisha.

Ila kinachonikera hasa siyo kutu wala pini. Ni hiki: watu wanadhani fensi ni kitu cha kuegemezea mbao tu. Blade ya inchi 10 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake yanakimbia kama kilomita 140 kwa saa. Meno ya mbele yanashuka, yanakandamiza mbao kwenye meza, hayana neno. Meno ya nyuma yanapanda juu na kuja upande wako. Sasa fensi yako ikiwa nyuma imebana kuelekea kwenye blade hata kwa milimita moja, ule ubao ukishapita unabanwa kati ya fensi na yale meno ya nyuma, unanyanyuliwa, unarushwa, na aliyesimama mbele yake ni wewe na tumbo lako. Kijana yule anapima mbele kwa futi, nyuma kwa macho!

Kuna la pili na hili hata mafundi wazuri wengi hawalijui. Fensi hii bati lake la pembeni linateleza mbele na nyuma. Wamelifanya hivyo makusudi. Chukua paini ya mashamba ya Sao Hill kule Iringa, mti mchanga, haijakauka, umeipasua nusu: vipande vinaanza kujipinda kila kimoja na njia yake, kimoja kinafungukia upande wa fensi. Fensi ikiwa ndefu mpaka mwisho wa meza kile kipande hakina pa kwenda, kinasukumwa kwenye blade. Kwa hiyo unalivuta bati kuja kwako mpaka mwisho wake uishie pale meno yanapoanza kukata, mbao ikishapasuka ina nafasi ya kujinyoosha inavyotaka. Waliochora mashine hii walilifikiria hilo, wakakupa na skrubu ya kulikazia, na wewe umeegemezea mlango. Umeweka ubao mrefu wa meza nzima, na kile kisu cha nyuma ya blade, kinachozuia mbao isiibane blade, nacho umekitoa kwa sababu "kinasumbua". Halafu mtu akiumia tunasema ajali kazini.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kwa anayekata MDF (mbao za unga wa mbao uliogandamizwa) na plaiwudi siku nzima fensi ndefu ni nzuri, MDF haijipindi. Na mchomeleaji mzuri anaweza kukutengenezea T ya skwea paipu kwa staili ya Biesemeyer, yule Mmarekani wa fensi za T, inabana mbele tu na inakaa kwenye nyuzi zake, sina ubishi nayo. Na hata ubao na klampu, ukipimwa mbele na nyuma kutoka kwenye jino moja ulilolitia alama, unapasua sawa. Ila nani anaupima hivyo kwenye kila ubao, na mteja amesimama mlangoni anataka kitanda chake?

Rangi sikuipaka, rangi siyo kazi.

Nimeirudishia mashine yake. Nimeinyoosha kwa mfereji wa meza, nyuma nimeiachia nafasi ya unywele mmoja, inabana kwa kidole gumba. Bosi akapasua mninga futi sita, akapima mwanzo, akapima mwisho, akarudia kupima, akaanza kuniuliza kama naweza kumwangalizia na mashine ya kuranda. Spea hajalipa.

Kilichobaki ni kitufe cha kusogezea fensi kidogokidogo, kilishapotea, shimo lake ni la Whitworth ya inchi 3/8. Mwenye nacho kwenye kopo lake aniambie. Na msiniletee M10.