Fidla ya Uskoti kwenye Luti: Punguzeni Noti

Wanaopanga mahadhi ya kale ya fidla ya Uskoti kwa ajili ya luti, ala ya kale ya Ulaya ya nyuzi za kuchomoa, hukosea palepale: kila pigo wanarundika sauti tatu, nne. Mahadhi yanazama. Muswada wa Balcarres, wa yapata mwaka 1700, umejaa mahadhi ya Kiskoti kwa luti ya safu 11 (safu ni uzi mmoja, au nyuzi mbili zinazopigwa pamoja), na kwa sehemu kubwa ni mahadhi juu, besi chini. Inatosha kabisa.

Chukua rili, yaani dansi ya haraka ya Kiskoti, ya A inayoyumba kati ya A na G. Ishushe oktava nzima. B ya juu ya fidla itaangukia freti ya 6 ya uzi wa kwanza, mkono wa kushoto hauhangaiki. Besi ya A ni safu ya 6, ya G ni safu ya 7, zote zinapigwa wazi. Kazi iliyobaki ni kupandisha besi za F na C nusu toni. Mahadhi yakishuka hadi eneo la besi, ondoa besi. Usiyapandishe mahadhi.

Luti imezaliwa na udi, huu huu wa taarabu, ila kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 wachezaji wa Ulaya waliweka risha chini wakatumia vidole. Ndiyo maana besi ni kazi ya kidole gumba. Kikipiga safu ya 7 kinatua juu ya safu ya 6, na A inanyamaza yenyewe. Kurudi ndiko kwenye matata: kikipiga safu ya 6 kinatua kwenye ya 5, huku G ikiendelea kuvuma chini ya A. Lazima kirudi mara moja kuigusa safu ya 7 kwa ubavu. Andika alama ya kuzima hapo hapo kwenye karatasi, la sivyo mchezaji atasahau.

Kwenye strathspey, dansi ya Kiskoti ya mwendo wa polepole kuliko rili, mara nyingi noti fupi hutangulia ndefu, na hapo pigo liko kwenye ile fupi. Besi iwekwe chini ya fupi. Ukiiweka chini ya ndefu, ile fupi inageuka pambo tu na mchezaji dansi anapoteza mguu. Zote mbili zichomolewe kwa mkono wa kulia. Ndefu ikitolewa kwa kidole cha kushoto peke yake hufifia mapema.

Na ile mikato ya haraka ya upinde, noti moja mara tatu? Kwenye safu za nyuzi mbili mbili hukwaruza. Ibaki kwenye safu mbili za juu, ambazo zina uzi mmoja mmoja. Kwingineko, piga noti moja ndefu.