Hosteli au geto? Tuongee ukweli kuhusu semista ya kwanza

Mtoto wa mamdogo amemaliza JKT, kachaguliwa chuo kikuu Dar, na wiki ya pili sasa nyumbani kwao hakuna mada nyingine: aombe hosteli ya chuo au akapange geto, yaani chumba cha mtaani, na rafiki zake wawili aliomaliza nao kidato cha sita. Mamdogo anataka hosteli na hataki kusikia kitu kingine, mjomba anasema hosteli ni vurugu tupu mtoto akapange asome kwa utulivu, na mwenyewe kanipigia usiku ananiuliza "dada, we umeishi kote kuwili, niambie ukweli". Nilimjibu vipande vipande mpaka salio likaisha, ila suala lenyewe ni kubwa kuliko simu ya dakika kumi na najua wapo wengi sahivi wanavutana na wazazi wao kwa jambo hilo hilo, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Msimamo wangu nauweka mapema: akipata hosteli aende hosteli, geto atapanga mwaka wa pili. Lakini sababu zangu sio za mamdogo, na mjomba naye kuna sehemu yuko sahihi kabisa.

Tuelewane kwanza kwamba hosteli unaomba, hupewi tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo pale Mlimani toka 1964, kina mabweni yake ya zamani mule ndani, kina hosteli ya Mabibo kule nje, na 2017 zikafunguliwa Hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na pamoja na yote hayo bado kuna watoto wanafika na begi na godoro, wanapitia orodha juu mpaka chini jina halimo. Dodoma ni habari nyingine, chuo kikuu cha huko, UDOM, kilipoanzishwa 2007 kilijengwa na mabweni yake kwenye eneo kubwa nje ya mji, huko mwaka wa kwanza kukaa ndani ndo kawaida. Na wale wa vyuo vya katikati ya jiji kama IFM au CBE wengi wao hata hawana cha kubishania, Posta nani anapanga, mtu anakaa Kimara anakuja na mwendokasi, au anakaa Kigamboni anavuka na pantoni. Mimi hapa naongelea zaidi Mlimani na majirani zake kama chuo cha Ardhi maana huko ndo mdogo wangu anakoelekea, ila mimi mwenyewe nilisoma kwingine, Dar hii hii, chuo sikitaji.

Sasa hela, maana hapa ndo watu wanapotoshana. Wa geto wanasema ukipika mwenyewe unaokoa, wa hosteli wanasema kodi itakumaliza, na wote wanasema kweli ila kila mmoja anahesabu siku zake. Bodi ya mikopo inatoa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi kwa anayepata yote, zamani ilikuwa 8,500, na hela hiyo, bumu tunavyoiita, haliji kila siku, linakuja kwa mafungu, fungu moja tuseme la siku 60, yaani 600,000. Semista nzima mafungu mawili, 1,200,000. Chukua chumba cha 60,000 kwa mwezi mitaa ya jirani na chuo kama Msewe au Changanyikeni, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 360,000, dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, jumla 420,000. Toa kwenye hela ya semista unabaki na 780,000, gawanya kwa siku 120 unapata 6,500 kwa siku, na mtu anayepika anakula vizuri tu kwa hela hiyo. Mkiwa wawili chumbani mkagawana kodi na dalali inapanda mpaka 8,250. Kwa hesabu hii mjomba hajakosea hata kidogo.

Shida ni kwamba kodi hailipwi semista nzima, inalipwa siku ya kwanza. Chukua lile fungu la kwanza la 600,000 toa 420,000, umebaki na 180,000 ya kuishi siku 60, ambayo ni 3,000 kwa siku, na hapo hujanunua godoro, neti, ndoo, sufuria wala mtungi wa gesi. Afu bumu lenyewe la kwanza hulikuti linakusubiri getini, mpaka usajiliwe chuo, akaunti ya benki ikae sawa, usaini, kwa hiyo zile wiki za mwanzo unaishi kwa hela uliyotoka nayo nyumbani, na mwenye nyumba hasubiri usaini. Na hao wote ni wenye mkopo kamili, wapo waliopewa asilimia tu na wapo ambao hawakupata kabisa.

Sasa angalia kalenda. Test za kwanza zinaangukia wiki ya saba ya nane hivi, ambapo bumu la kwanza ndo linakata. Vyuo vingi coursework, yaani test na kazi za darasani, ni 40 na UE, mtihani wa mwisho wa semista, ni 60, na GPA inaanza kuhesabiwa mwaka wa kwanza huo huo, hakuna anayekwambia haya tulia kwanza uzoee ndo tuanze kukuhesabia. Kwa hiyo mtu wa geto wiki ambayo anatakiwa apige msuli wa kusoma kuliko wiki zote ndo wiki ambayo mfukoni hana kitu.

Mimi nilipita humo. Tulipanga watatu, chumba kimoja, dalali alituonyesha chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, siku ya kuhamia tukapewa cha nyuma kinachotazamana na choo, na hela yetu ilishalipwa. Ilipofika wiki ya saba tulikuwa tunakunywa uji asubuhi afu hatuli tena mpaka usiku, na nakumbuka test moja ya saa moja asubuhi niliingia kichwa kinagonga, nilipata 7 kati ya 20. Sio kwamba kozi yenyewe nilikuwa siielewi, jana yake nilimfundisha mwenzangu swali lile lile akapata 13. Sijasahau.

Hosteli kwa chakula msidanganyike kwamba ndo unaokoa. Hosteli nyingi kupika ni marufuku, kwa hiyo kila kitu unanunua, chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, usiku tena, hapo mtu wa kawaida keshamaliza 6,000 au 7,000. Ndo maana watu wanaficha majiko ya umeme chini ya kitanda, na unaweza kushangaa ila mwisho wa semista mtu wa hosteli na mtu wa geto anayepika wanaweza kuwa wametumia karibu sawa. Tofauti yao ni kwamba wa hosteli hakupigwa kwa mkupuo mwanzoni wakati hajui lolote.

Na hilo la kutojua ndo sababu yangu kubwa kuliko hela. Mwaka wa kwanza hujui kitu na mbaya zaidi hujui kwamba hujui. Sekondari ulikuwa na kengele, na mwalimu wa zamu, na ratiba ya ukutani, chuo hakuna anayekufuata. Mimi nilidhani ukishalipa ada ukapewa kitambulisho umemaliza, kumbe kozi unajisajili moja moja kwenye mfumo na kuna siku ya mwisho, aliyenishtua ni dada mmoja wa mwaka wa tatu niliyekaa naye kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, kwa bahati tu, siku moja kabla mfumo haujafungwa. Wenzangu wa hosteli hilo walilijua wiki ya kwanza bila kuuliza, walilisikia wakiwa kwenye foleni ya bafuni. Huko ndo unajua desa zuri, yaani notsi, ni la nani, mwalimu gani swali lake la UE linafanana na la miaka mitatu nyuma, kozi ipi ya kuchagua inapeleka watu sapu, mtihani wa marudio, mtu gani wa kumuona ukikosa matokeo ya coursework. Haya hayaandikwi kwenye prospektasi.

Mdogo wangu alinijibu hapo hapo, "dada hiyo ilikuwa zamani sahivi kuna magrupu ya WhatsApp". Nimelifikiria sana jibu lake maana lina ukweli, CR, kiongozi wa darasa, akituma ujumbe kwamba lekcha imehamia ukumbi mwingine inamfikia wa Mabibo na wa Kimara dakika ile ile, na pasti pepa zinazunguka kwenye simu siku hizi. Kwa hiyo hoja yangu imepungua nguvu, nakubali. Lakini grupu linajibu kitu ulichouliza, na mwaka wa kwanza shida ni maswali ambayo hata hujui kama yapo. Na grupu lina watu mia mbili, ukikaa kimya siku nne hakuna anayeona. Hosteli wa kitanda cha juu ataona. Tena wenzangu wawili wa geto wakati naumwa malaria walikuwa wameenda nyumbani wikiendi, nikalala na homa toka Ijumaa mpaka Jumapili jioni nikisikia watu wanapita dirishani. Mwezi uliofuata, nikiwa nimeshahamia hosteli, mwenzetu mmoja alianza kutapika usiku na kabla hata hajasema lolote kuna mtu alishamshika mkono, mwingine anatafuta bajaji.

Ndio, nilihamia hosteli, na sikuhamia kwa njia halali, nilibebwa. Kwa asiyejua, kubebwa ni mwenzako ana kitanda wewe huna, anakuweka mnalala wawili kwenye kitanda cha futi tatu. Nilitoka geto wiki chache kabla ya UE sababu nilichoka kutembea saa nne usiku kutoka maktaba kwenye njia isiyo na taa, geti la mwenye nyumba likifungwa umefungiwa, na kodi iliyobaki sikurudishiwa hata mia. Kwa hiyo naposema hosteli ni bora sisemi ni pazuri. Chumba cha watu wanne tulikuwa saba. Maji yakikatika unaamka saa tisa usiku kupanga ndoo, mmoja anasali, mmoja anaongea na mchumba wake kwa sauti, mwingine kaweka muziki, na aliyekubeba hawezi kukwambia amekuchoka ila unaona. Mimi nililelewa bweni nikazoea, lakini mtoto aliyesoma shule ya kutwa akiwa na chumba chake kwao anaweza kuumia sana hapo, na hapa ndo namuelewa mjomba, yeye anamjua mpwa wake ni mtu wa kusoma peke yake kimya. Wapo ambao kwao geto ndo jibu bila ubishi: mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa anayetakiwa kula chakula maalumu, mtu mzima aliyetoka kazini kuja kusoma digrii na ana ratiba yake. Hao ukiwapeleka hosteli unawatesa tu.

Mamdogo yeye sababu yake ni nyingine. Anaogopa geto kwa sababu ya wanaume, anasema wasichana wa geto wanaishia kuishi na watu kama wameolewa. Hilo lipo, siwezi kusema halipo, lakini anadhani hosteli ina ukuta wa kumzuia na haina, mtu akitaka kutoka anatoka na hakuna wa kumuuliza. Nilichokiona mimi ni kwamba tatizo halikuwa uhuru, lilikuwa ile wiki ya saba. Msichana wa miaka 19 amebakiwa na 4,000, mama yake ameshamtumia mara mbili anaona aibu kuomba mara ya tatu, na kuna kaka wa mwaka wa tatu ana chumba, ana jiko, anapika, anamwambia njoo tule. Anaenda kula. Kesho anaenda tena. Baada ya hapo yule kaka akisema kitu yeye anajiona hana haki ya kukataa kwa sababu ameshakula. Nimewaona wawili hivyo na walikuwa watoto waliolelewa vizuri, mahubiri walishayasikia yote, walichokosa ni hela ya chakula ya wiki mbili tu mpaka bumu lisome. Mzazi anayetaka kumlinda binti yake aulize habari ya wiki ya saba kuliko kuuliza habari ya geti linafungwa saa ngapi.

Akikosa hosteli, na anaweza kukosa kweli, nimemwambia hivi. Asipange watatu, wapange wawili, maana watatu chumba kimoja mnarudi kwenye fujo ya hosteli bila faida ya hosteli. Chumba kiwe umbali wa kutembea kwa mguu, hata kama kinazidi bei kidogo, nauli ya kila siku inakula ile tofauti na usiku daladala ni shida. Wakague chumba chenyewe watakachopewa, ufunguo mkononi, ndo hela itoke. Na waombe miezi mitatu, wapo wenye nyumba wanaokubali ukiongea nao mwenyewe kabla ya dalali hajaongea.

La mwisho nimeongea na mamdogo, sio na mtoto. Ameshaanza kununua mashuka ya tatu kwa sita ya kitanda cha hosteli na begi jipya kubwa, na orodha haijatoka. Nimemuomba asimamishe kwanza, hela iliyobaki aiweke, jina likitoka tutaenda Kariakoo siku moja tunamaliza, lisipotoka hiyo ndo iwe kodi ya miezi mitatu ili bumu la kwanza lote liingie tumboni. Hajanijibu mpaka sasa, ila mashuka ameacha kununua.