Uyombo waliuliza swali lenyewe

Mei 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kilichopangwa pwani kwao, wakatawanywa na polisi. Tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba wavuvi wale walitishwa tu na hadithi za ajali za vinu vya Chernobyl na Fukushima. Sivyo.

Watetezi wa mradi wana hoja nzito, na tuwape haki yao. Nyuklia haitoi moshi, haingoji mvua kama mabwawa, na ukilinganisha kwa kiasi cha umeme, makaa ya mawe yameua watu wengi zaidi, tena kwa mbali. Hata taka zake huchukua nafasi ndogo: kinu cha ukubwa huo hutoa takribani tani 20 hadi 30 za fueli iliyotumika kwa mwaka.

Nami tani hizo ndizo zinazoninyima usingizi. Kinu kikiishi miaka 60, zitakuwa zimepita 1,000. Fueli ikitolewa huzamishwa majini kwa miaka kadhaa ipoe, kisha hutiwa kwenye makasha mazito ya chuma na zege. Hapo bado haijazikwa, imewekwa tu. Plutoni-239 iliyomo, kitu chenye mionzi ya hatari, huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu. Makasha yatahitaji walinzi na wakaguzi hata kinu kikiwa hakiuzi tena umeme. Mishahara yao itatoka wapi?

Ufini walijibu swali hilo kwa subira. Walipanga ratiba ya mazishi ya taka mwaka 1983, bunge likaidhinisha eneo la Olkiluoto 2001, uchimbaji ukaanza 2004, na majaribio ya mitambo yakafika 2024. Fueli itatiwa kwenye mitungi ya shaba, izungushiwe udongo wa bentonaiti, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba. Kampuni za umeme huchangia mfuko wa taka wakati vinu bado vinaingiza fedha. Na wilaya ya Eurajoki, iliko Olkiluoto, ilikuwa na haki kisheria ya kukataa. Ilikubali kwa sababu ilikuwa na uwezo wa kusema hapana, jambo ambalo Uyombo walilazimika kulitafuta barabarani.

Sasa macho ya serikali yamegeukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria linalonywewa na nchi tatu. Wakazi wa huko wanaambiwa habari za ajira. Kabla msingi haujachimbwa, waonyeshwe pia mahali fueli itakapolala, na mfuko utakaowalipa walinzi wake.