Kabla ya Kumlaumu Nungu Bahari, Tuutazame Mwamba Anaoishi

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, mwamba wa Diani, kusini mwa pwani ya Kenya, hubaki wazi mpaka karibu na mahali mawimbi yanapovunjikia, na watu hushuka na michokoo yao kutafuta pweza. Anayeshuka bila raba hujuta mapema, kwa sababu kila ufa na kila kishimo kimejaa viumbe wa mviringo wenye miiba, ambao katika makala haya nitawaita nungu bahari, ingawa majina yao hubadilika kutoka mji mmoja wa pwani hadi mwingine. Nimekulia karibu na mwamba huo, na tangu utotoni nimesikia lawama ile ile kutoka kwa wavuvi, kwa wanaowatembeza wageni na hata kwa wenye hoteli: nungu bahari wamezidi, wanamaliza nyasi za baharini, wanauchimba mwamba, waondolewe. Kwamba wamezidi, nakubali. Nisilolikubali ni kuwafanya wao kuwa chanzo cha shida, kwa maana wingi au uchache wa nungu bahari huamuliwa na mahali wanapoishi: umbo la mwamba, hali ya nyasi, na zaidi ya yote, samaki waliobaki hapo.

Tunapowazungumzia huwa tunawaweka wote katika kapu moja, ilhali kila aina ina makazi yake. Yule mdogo mwenye miiba mifupi na minene, ambaye wataalamu humwita Echinometra mathaei, huishi juu ya mwamba wenyewe, ndani ya shimo analolichimba kwa meno yake matano na kwa miiba yake. Siku moja nilichuchumaa kando ya kidimbwi na kumtazama mmoja mpaka maji yakaanza kujaa. Shimo lilikuwa limemtosha sawasawa, kama ganda linavyolitosha yai, na kila wimbi dogo lilipopita na kipande cha mwani, miiba ilikinasa na kukisukuma polepole kuelekea chini, kwenye mdomo. Hakuhitaji kwenda popote. Mwenye miiba mirefu myeusi, wa jenasi ya Diadema, yeye hujificha mchana kwenye nyufa na chini ya matumbawe makubwa, akatoka usiku kujitafutia chakula. Huyo ndiye anayewapeleka watu nyumbani wakichechemea, wakapakwe utomvu wa papai bichi. Wa tatu, Tripneustes gratilla, makao yake hasa ni kwenye nyasi za baharini, na ukimwona mara ya kwanza unaweza kumpita, kwa sababu hujitwika vipande vya majani na makombe mgongoni.

Basi mtu akiniambia nungu bahari wameongezeka, swali langu la kwanza ni: yupi, na wapi?

Pwani ya Kenya ina bahati ya kuwa na jibu lililotafutwa kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1980, watafiti Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamekuwa wakiwahesabu nungu bahari na samaki katika miamba yetu, wakilinganisha sehemu zinazovuliwa, kama Diani, Kanamai na Vipingo, na hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, na Kisite upande wa kusini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, McClanahan na mwenzake walieleza kwamba nungu bahari katika miamba isiyolindwa walikuwa wamesongamana zaidi ya mara 100 kuliko katika miamba iliyolindwa, na kwamba kiwango cha Echinometra kuliwa na samaki katika miamba hiyo isiyolindwa kilikuwa robo tu ya kile cha hifadhini. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa ya kubahatisha. Bahari ni ile ile, kusi na kaskazi huvuma pote, na watoto wa nungu bahari huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, hivyo mkondo unaweza kuwapeleka hifadhini kama unavyowapeleka Diani. Kinachotofautiana ni kinachowasubiri baada ya kutua.

Anayewasubiri hifadhini, kwa sehemu kubwa, ni kikande. Wapo samaki wengine wanaowala nungu bahari, lakini utafiti huo ulimtaja kikande mwenye mistari ya rangi ya machungwa, Balistapus undulatus, kuwa mlaji mkuu. Ana taya fupi zenye nguvu na ngozi ngumu, na macho yake yamekaa juu na nyuma, mbali na mdomo, kiasi kwamba anaweza kuiingilia miiba bila kuyadhuru. Humng'oa nungu bahari, akamgeuza, akamvunja kuanzia upande wa mdomo, ambako miiba ni mifupi. Pale kikande alipo wa kutosha, nungu bahari anayeonekana mchana hana maisha marefu, na wanaobaki ni wale waliopata ufa wa kujificha. Hapo ndipo umbo la mwamba linapokuwa jambo la uhai: matumbawe yaliyosimama yana nyufa za kumfaa mawindo na mapango ya kumfaa mwindaji, lakini matumbawe yaliyosagwa kwa juya, ule wavu wa kukokota, au kwa baruti yanawanyima wote wawili.

Nalieleza hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeshiriki. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumsaidia babu kuandaa dema, yaani mtego wa samaki wa kusukwa. Tulikuwa tukiwaokota nungu bahari mwambani, tukiwaponda kwa jiwe na kuwatia ndani ya dema wawe chambo, na samaki aliyewahi kuingia mara nyingi alikuwa kikande, akifuata chakula anachokipenda kuliko vyote. Tulimla kwa wali, na ngozi yake ngumu tuliwatupia paka. Hakuna aliyetuambia kwamba kila kikande tuliyemtoa alikuwa akiacha nyuma yake nungu bahari ambao asingewaacha hai, na sidhani kama babu angeweza kuacha hata kama angeambiwa, kwa kuwa nyumba ilikuwa na watu wa kulishwa.

Kwenye nyasi hali ni nyingine, na naiona ya kutia hofu zaidi. Nyasi zinazotawala sehemu nyingi za ndani ya mwamba kusini mwa Mombasa ni Thalassodendron ciliatum, ambazo zina shina gumu na kishungi cha majani juu. Nungu bahari wachache wakila majani, yataota mengine. Tripneustes wakija kwa makundi, hawaishii kwenye majani. Hula mpaka ncha inayokua, na shina lililopoteza ncha hufa likasimama kama kijiti. Nyasi hizi hutambaa polepole chini ya mchanga, kwa hiyo pengo lililotafunwa kwa msimu mmoja huchukua miaka kufunikwa. Katika Diani na Chale tumeona mapengo ya namna hiyo, mchanga mtupu mahali ambapo zamani mguu haukugusa chini bila kukanyaga majani. Tafi na pono hula na kukulia humo, na ndio samaki wanaoingia zaidi kwenye madema yetu. Nyasi zikiondoka, mvuvi huhisi mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Ndiyo maana naelewa hasira ya wanaotaka nungu bahari waondolewe. Miaka michache iliyopita hoteli moja iliwalipa vijana wawaokote na kuwavunja mbele ya ufuo wake, ili wageni waogelee bila kuchomwa. Baada ya miezi kadhaa wengine walikuwa wamejaa mle mle, kwa kuwa hakuna kilichobadilika isipokuwa nafasi iliyofunguka. Na hata pale ambapo kuwaondoa hufanikiwa, mtu aangalie anachokipata. McClanahan na wenzake waliwapunguza kwa majaribio katika miamba ya Kenya miaka ya 1990. Katika hifadhi ya Mombasa, ambako uvuvi ulikuwa umezuiwa, samaki waliongezeka, lakini katika miamba inayovuliwa kilichostawi hasa ni mwani, kwa kuwa samaki wa kuula hawakuwapo.

Jamaika ililipia somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua karibu nungu bahari wote wa aina ya Diadema antillarum katika visiwa vya Karibi. Samaki wanaokula mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, kwa hiyo nungu bahari ndiye aliyekuwa mfyekaji aliyebaki, na alipoondoka mwani uliyafunika matumbawe. Matumbawe hai, yaliyokuwa yamefunika zaidi ya asilimia 50 ya miamba ya kisiwa hicho mwishoni mwa miaka ya 1970, yalibaki chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2023 vifo vya namna hiyo viliwapata nungu bahari wa Bahari ya Shamu na wa kisiwa cha Réunion, ambacho kiko katika bahari hii hii yetu. Mtu anayetamani wafe wote afikirie ni nani atakayebaki kuukata mwani katika mwamba uliokwisha samaki.

Kwa maoni yangu, kazi iko kwenye makazi na kwenye kikande. Maeneo tengefu yanayosimamiwa na wanavijiji wenyewe, kama lile la Kuruwitu lililoanza katikati ya miaka ya 2000, yameonyesha kwamba watu wa pwani wanaweza kukubaliana kuacha sehemu ipumzike, lakini kikande hurudi taratibu sana, na anayetarajia mabadiliko kwa miaka miwili atavunjika moyo. Marufuku ya juya inapaswa kusimamiwa kweli, kwa sababu juya huyavunja matumbawe na kuzing'oa nyasi kwa mvuto mmoja. Madema yenye mwanya wa kutorokea samaki wachanga yamejaribiwa hapa Kenya, na yanastahili kuenea, ikiwa mvuvi atasaidiwa katika siku za mwanzo anapopungukiwa na kitoweo.

Na lipo jambo dogo ambalo ningependa vikundi vya usimamizi wa fukwe vilijadili katika mikutano yao. Dema halimuui samaki; humleta juu akiwa mzima, na kikande ni mgumu, hustahimili kushikwa. Mjomba wangu, aliyerithi madema ya babu, siku hizi hulifungua dema, akamtoa kikande kwa kumshika nyuma ya kichwa kuepuka meno, akamrudisha majini pale pale alipomtoa. Kikande si samaki wa bei kubwa sokoni. Wavuvi wa dema wa Diani wakikubaliana kumrudisha wote pamoja, kwa miaka 10 tu, mwamba utapata tena mlinzi wake bila ya mtu kuvunja nungu bahari hata mmoja kwa jiwe.