Nano kwenye kansa: faida ipo, ila sio ile tunayotangaziwa

Kila habari ya nano (chembe ndogo mno zinazodungwa mwilini, mara nyingi zikiwa zimebeba dawa) na kansa inakuja na stori ileile, eti dawa inaenda moja kwa moja kwenye uvimbe kama kombora na haigusi kingine, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani akisoma hivyo lazima ashike tumaini, ndo maana inaniuma.

Dawa nyingi haifiki. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia tafiti za miaka 10 za wanyama wa maabara wakakuta kiwango cha kati ni asilimia 0.7 tu ya chembechembe zilizodungwa ndo zinaingia kwenye uvimbe, nyingine nyingi zinadakwa na ini na wengu. Hoja ya watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, toka 1986 ni kwamba mishipa ya damu ya uvimbe inavuja so chembe zinapenya na kunasa humo, kwa panya inakubali vizuri, kwa binadamu uvimbe mmoja unavuja mwingine hauvuji, hata ndani ya mtu mmoja.

Sasa anayesema basi nano ni biashara tupu nae anakosea. Doksorubisini ya kawaida, dawa ya kansa, inaumiza moyo, ila Doxil ya 1995, dawa hiyohiyo ndani ya kifuko cha mafuta, imepunguza sana hilo, japo viganja na nyayo vinaweza kubabuka. Abraxane ya 2005, dawa nyingine ya kansa ya nano, nayo iliondoa kiyeyusho kilichokuwa kinaleta aleji kali. Kwa mgonjwa hayo sio madogo kabisa! Kwenye muda wa kuishi ndo faida inakuwa finyu, mfano irinotekani, dawa nyingine ya kansa, ikiwa ndani ya lipozomu (kifuko cha mafuta kama cha Doxil) kwa kansa ya kongosho iliyosambaa, ikiongezwa kwenye dawa za kawaida ilitoa miezi 6.1 badala ya 4.2.

Kwenye kumpiga mgonjwa picha kwa nano mambo yanageuka. Chembe za oksaidi ya chuma zinamezwa na ini zima, linakuwa jeusi kwenye MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), uvimbe ulio kwenye ini usiozimeza unabaki unang'aa, yani ini lilelile linalotuibia dawa hapa linasaidia.

Mi naona hela ziende kwenye kuunganisha hivi viwili, mgonjwa apigwe picha kwanza kwa chembe hizo, ionekane uvimbe wake unazipokea au la, alafu ndo aamuliwe kama apewe dawa ya nano au atafutiwe nyingine mapema.